SOMO: Tuijue mbika kwa ndani – uzito, ukavu na chakula kilichomo



Safari hii tutajifunza juu ya mbika. Kila mmoja anaijua: mbegu ya boga na za jamaa zake, ile tunayotwanga na kufunga ndani ya majani, ao tunayotia ndani ya sombe wakati nyama na samaki vimekosa. Watu wengi wanaiona kuwa zao dogo, zao la wamama, linalopandwa katikati ya mahindi ao mihogo bila kupewa shamba lake. Lakini kilo moja ya mbika safi iko na chakula kingi kuliko vitu vingi tunavyouzisha.

Shida inaanza kwenye kupima. Sokoni mbika inapimwa kwa kopo ao kwa beseni, na kopo haioni ndani ya ganda. Mama mmoja amekausha muzuri, amepepeta na kuchagua. Mwingine ameleta mbegu zenye unyevu, nyingi ziko tupu. Wote wawili wanajaza kopo, wote wawili wanalipwa bei moja. Yule wa kwanza amepata hasara ya kazi yake, na msimu unaofuata hatajisumbua tena. Hivyo ndivyo mbika ya koperative nzima inaanza kuharibika, na mnunuzi wa mjini anapunguza bei kwa wote.

Mwisho wa somo hili kila mwanamemba ataweza kufanya mambo matatu:
1. Kutambua mbika nzuri kwa macho, kwa mkono, kwa sikio na kwa mdomo.
2. Kupima kiini kilicho ndani ya gunia, si ganda.
3. Kuhesabu ni kilo ngapi zibaki nyumbani kwa ajili ya watoto mbele ya kuuzisha.

1. Tunaongea juu ya mbika gani?

Kwetu Congo jina hili moja linafunika mimea zaidi ya mmoja. Kuko mbika ya boga, yenye mbegu pana na ukingo unaozunguka mbegu. Kuko mbika ya pori, ile inayotambaa na kupanda juu ya miti katika mashamba mapya, matunda yake yana umbo la yai kubwa na mbegu zake ni nyeupe na laini. Wataalamu wanaiita Cucumeropsis mannii. Tena kuko ile ya jamaa ya tikiti maji, ambayo nyama ya tunda ni chungu na watu wanatafuta mbegu tu. Zote ni za ukoo mmoja, na ndani zinafanana sana. Kazi tutakayoeleza hapa inafaa kwa zote tatu.

Lakini usizichanganye ndani ya gunia moja. Ganda la aina moja ni nene, la ingine ni jembamba, na ukubwa si mmoja. Mnunuzi akiona mchanganyiko anahesabu bei ya ile ya chini.

2. Mwili wa mbegu

Pasua mbegu moja polepole. Utaona vitu vitatu. Inje kuko ganda gumu. Chini yake kuko ngozi nyembamba. Kwa boga ngozi hiyo inaelekea rangi ya majani. Katikati kuko kiini, ambacho ni chakula chenyewe. Kiini kinagawanyika vipande viwili, kwa sababu ni mmea mdogo uliolala na akiba yake ya kuanzia maisha. Mafuta na protini tunazokula ni ile akiba.

Ganda haliliwi, lakini liko na kazi kubwa. Linazuia hewa, mwangaza na wadudu visifike kwenye kiini. Kwa hiyo mbika yenye ganda zima inakaa miezi mingi, na mbika iliyomenywa inaanza kuharibika mapema. Mbika iliyotwangwa kuwa unga inaharibika mapema zaidi, juu hewa inaigusa kila upande.

Alama za mbika nzuri ni hizi:

– Kwa macho: mbegu imejaa katikati, haikubonyea. Rangi ni moja, haina madoa meusi wala vumbi la kijani la ukungu. Kiini ndani ni cheupe ao chenye rangi ya maziwa.
– Kwa mkono: ukiikunja inavunjika. Ikipinda bila kuvunjika, bado iko na maji.
– Kwa sikio: mbegu kavu ikivunjika inalia. Na ukitikisa mkono uliojaa mbegu kavu, zinapiga kelele ngumu. Zenye maji zinakaa kimya.
– Kwa pua na mdomo: harufu ni ya utamu, ladha inakaribia ile ya karanga. Ikiwa chungu ao inakwaruza koo, mafuta yamekwisha kugeuka.

Mbegu tupu zinatoka wapi? Mara nyingi ni kwa sababu tunda lilikatwa mbele ya kukomaa ili mwizi ao nyani wasilichukue, ao mvua ilikatika wakati matunda yanajaza. Kiini hakikupata wakati wa kujaa. Ganda linakuwa na ukubwa wa kawaida, lakini ndani hamna kitu. Ndiyo maana kopo linadanganywa.

Kuko pia madoa yanayotoka kwenye kazi ya kuozesha. Tunapasua matunda na kuyaacha ili nyama ilegee, kisha tunaosha mbegu. Namna hiyo ni nzuri, lakini sharti rundo lichunguzwe kila siku. Mara nyama ikilegea, osha mara moja kwa maji safi. Mbegu iliyosahauliwa ndani ya rundo inakuwa nyeusi, ao inaanza kuota. Ikianza kuota inakula akiba yake yenyewe, na wewe unabaki na ganda.

3. Kwa nini mbika inaomba ukavu kuliko mahindi?

Walimaji wengi wanakausha mbika sawa vile wanakausha mahindi, kisha wanashangaa ukungu unapoingia. Sababu ni hii. Mahindi yanaweza kuwekwa gunia yakiwa na maji 13 kwa mia. Mbika sharti ishuke mpaka karibu 7 kwa mia.

Mafuta na maji havichangamani. Karibu nusu ya kiini ni mafuta, na sehemu ile haishiki maji. Maji yote yanakusanyika ndani ya sehemu inayobaki. Tufanye hesabu: kilo 100 za kiini ziko na kilo 13 za maji na kilo 45 za mafuta. Ukiondoa mafuta, zinabaki kilo 55, na ndani yake kilo 13 ni maji. Ni karibu robo. Ukungu unapata maji ya kutosha kuishi, hata kama mkono wako unasema mbegu ni kavu.

Ukungu si jambo la rangi tu. Kuko aina moja inayotoa sumu iitwayo aflatoksini, ile ile inayosumbua karanga na mahindi. Sumu hiyo inaharibu ini polepole, na moto wa jikoni hauimalizi. Kuosha mbegu yenye ukungu ao kuikaanga sana hakuifanyi kuwa chakula. Sharti itupwe, na isipewe kuku ao nguruwe, juu nao wanaumia.

Wengi wenu mumefundishwa jaribio la chumvi: mbegu na chumvi kavu ndani ya chupa, unatikisa, unangoja dakika 15, unaangalia kama chumvi imeshika kwenye chupa. Jaribio hilo ni zuri kwa mahindi, lakini kwa mbika halitoshi. Chumvi ikishika, inakuambia maji yanapita 15 kwa mia. Isiposhika, inakuambia tu maji ni chini ya 15. Mbika yenye maji 12 inapita jaribio hilo, kisha inaoza ndani ya gunia. Kwa mbika tumia kuvunja: chukua mbegu 20 toka fasi mbalimbali za rundo, zivunje moja moja. Zote zikivunjika kwa mlio, fungia. Hata mbili ao tatu zikipinda, rudisha rundo lote kwa jua.

Kausha juu ya kitanda cha miti, mkeka ao shitingi, si juu ya udongo wala kando ya barabara. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara nyingi kwa siku, funika mangaribi mbele ya umande. Tusihesabu siku tu, kwa sababu jua la mwezi wa saba na jua la mwezi wa kumi na moja si moja. Tena, mbegu zikitoka kwa jua ziache zipoe mbele ya kuzifunga. Mbegu za moto ndani ya gunia zinatoa jasho.

Komite ya ununuzi ikumbuke hesabu hii. Depo ikinunua kilo 100 za mbika yenye maji 15 kwa mia na kuikausha mpaka 7, zinabaki kilo 91 na nusu hivi. Zile kilo 8 na nusu zilikuwa maji, na koperative imeyalipa bei ya mbika.

4. Jaribio la gramu 100

Jaribio hili linaomba mizani ndogo ya jikoni na uvumilivu kidogo. Lifanyike mbele ya mwenye gunia, asije akafikiri anaibiwa.

– Chukua mbegu juu, katikati na chini ya gunia. Changanya.
– Pima gramu 100 zenye ganda.
– Menya zote.
– Tupa viini vyeusi, vyenye ukungu, vilivyosinyaa na vyenye matundu ya wadudu.
– Pima viini vizuri vilivyobaki. Andika nambari ndani ya kitabu cha depo.

Tuseme gunia la mama wa kwanza limetoa gramu 72 za kiini kizuri, na gunia la pili limetoa gramu 58. Magunia yote mawili ni ya kilo 50. La kwanza liko na kilo 36 za chakula, la pili liko na kilo 29. Tofauti ni kilo 7. Ndani ya kilo 7 hizo kuko zaidi ya kilo 3 za mafuta na kilo 2 za protini. Yote hayo yalifichwa na gunia lenye ukubwa ule ule.

Koperative inaweza kukubaliana juu ya bei mbili ao tatu kufuatana na nambari hiyo. Bei zenyewe zipangwe ndani ya mkutano mkuu mbele ya mavuno, si siku ya kununua. Kama hakuna mizani ndogo, hesabu mbegu 100, zivunje, na uandike ngapi ziko na kiini kizuri. Haionyeshi uzito, lakini inaonyesha ukweli kuliko kopo.

5. Chakula kilicho ndani

Hesabu hizi ni za gramu 100 za chakula kikavu, na kwa mbika ni kiini cha boga bila ganda. Aina zingine za mbika zinakaribiana nacho.

– Mbika: protini gramu 30, mafuta gramu 49, nguvu kilokalori 560.
– Karanga: protini gramu 26, mafuta gramu 49, nguvu kilokalori 567.
– Maharagi: protini gramu 22, mafuta gramu 1, nguvu kilokalori 335.
– Unga wa mahindi: protini gramu 8, mafuta gramu 4, nguvu kilokalori 360.
– Unga wa mihogo: protini gramu 1 mpaka 2, mafuta chini ya gramu 1, nguvu kilokalori 340.

Angalia mstari wa kwanza na ule wa mwisho. Bukari ya mihogo inashibisha tumbo, lakini protini karibu hamna. Mtoto anayekula bukari na mchuzi mwepesi kila siku anashiba na bado mwili wake unakosa kitu cha kujijengea.

Mafuta ya mbika mengi ni ya aina inayobaki maji maji, hayagandi, na mwili unayahitaji. Lakini mafuta ya aina hiyo yanageuka mapema yakikutana na hewa, joto na mwangaza. Hapa mwili wa mbegu na chakula chake vinakutana: ganda likivunjika, wakati wa mafuta unaanza kuhesabika.

Zaidi ya hayo, gramu 100 za kiini ziko na chuma karibu miligramu 9, zinki karibu miligramu 8 na manyezi nyingi. Chuma kinasaidia damu. Zinki inasaidia mtoto kukua na kushindana na magonjwa, na ndiyo ile ile inayotolewa kwenye kituo cha afya mtoto akiharisha.

6. Kitu kinachokosekana

Tusiipambe mbika kuliko inavyostahili. Vitamini A na vitamini C karibu hazimo. Tena protini yake haijakamilika: kuko sehemu moja inaitwa lisini ambayo ni kidogo, hasa kwa mbika ya jamaa ya tikiti. Na chuma cha mimea kinaingia mwilini kwa shida.

Dawa ya hayo iko ndani ya jikoni letu:

– Maharagi ao ndagala vinaongeza lisini.
– Mawese mekundu, yasiyochomwa mpaka yawe meupe, yanaleta vitamini A. Lengalenga na sombe pia.
– Ndimu, chungwa ao nyanya mbichi wakati wa kula vinasaidia chuma kuingia.

7. Sehemu ya mtoto ipimwe mbele ya kuuzisha

Mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 anahitaji karibu gramu 13 za protini kwa siku. Vijiko vikubwa viwili vya unga wa mbika ni karibu gramu 20. Ndani yake kuko protini gramu 6 na nguvu zaidi ya kilokalori 100. Ni karibu nusu ya protini ya siku yake.

Sasa tuhesabu. Gramu 20 kwa siku, kwa miezi 4 ya njaa, ni siku 120. Jibu ni kilo 2 na gramu 400 za kiini. Kwa mbika inayotoa 72 kwa mia, ni kilo 3 na gramu 330 zenye ganda. Tuseme kilo 3 na nusu kwa kila mtoto mdogo.

Familia yenye watoto wawili inaweka kilo 7. Ndani ya gunia la kilo 50, zinabaki kilo 43 za kuuzisha. Lakini mara nyingi gunia lote linakwenda soko juu ya deni ao masomo ya watoto, na miezi mitatu kisha mama ananunua mbika kwa kopo, kwa bei ya juu, ao hanunui kabisa. Ndiyo maana tunaomba sehemu hiyo ipimwe siku ile ile ya kukausha, ifungwe peke yake, na baba na mama wote wawili wajue iko ya nani.

Namna ya kutayarisha uji:
– Menya mbika ya siku chache tu, si ya mwezi mzima.
– Kaanga kidogo kwa moto mdogo mpaka inuke. Isiwe nyeusi.
– Twanga na chunga mpaka unga uwe laini.
– Pika uji wa mahindi ao mtama. Dakika za mwisho tia vijiko viwili vya unga wa mbika na kijiko kidogo cha mawese.

Uji huo ni kwa mtoto aliyefikisha miezi 6 na zaidi, pamoja na maziwa ya mama. Anza na kidogo. Usimpe mtoto mdogo mbegu nzima, inaweza kumkaba koo. Na mbegu za kupanda zilizotiwa dawa zisiingie jikoni hata mara moja. Ziwekwe mbali na ziandikwe alama.

Tena neno moja la lazima. Mtoto mwenye kuvimba miguu, nywele zimegeuka rangi, amenyamaza na hataki kula, huyo ameshikwa na bwaki. Mbika haimponyeshi. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Mbika ni ya kumlinda mtoto asifike pale.

8. Kuweka akiba

Weka mbika na ganda lake, kavu, ndani ya gunia safi juu ya mbao, mbali na ukuta na bati lenye moto. Kwa sehemu ya nyumbani, bidoni yenye kifuniko kinachofunga vizuri ni bora kuliko gunia, juu panya na unyevu haviingii. Lakini bidoni inafaa kwa mbegu kavu tu. Yenye maji itaoza ndani yake. Bidoni iliyobeba petroli ao dawa ya shamba isitumiwe kabisa. Kila mwezi fungua, vunja mbegu chache, nusa na onja.

9. Maswali ya kikundi

– Kwetu mbika inapimwa na nini? Nani anapata faida na nani anapata hasara kwa kipimo hicho?
– Leteni mbegu toka nyumba tano, mufanye jaribio la gramu 100. Nambari ya juu na ya chini zinaachana kwa kiasi gani? Mwenye nambari ya juu aeleze alifanya nini.
– Jaribio la chumvi linakosa nini kwa mbika?
– Kila mwanamemba ahesabu: nyumbani kuko watoto wangapi chini ya miaka 3? Kilo 3 na nusu mara ngapi?

Katibu aandike majibu ya swali la mwisho ndani ya kitabu cha koperative mbele ya siku ya kwanza ya ununuzi. Siku ile depo itakapofungua, tutajua kilo ngapi ni za soko na kilo ngapi ni za watoto.